Memori Kadi ya Kasumulu

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Mwaya, maana wao wakiisimulia hii aibu yangu wananiongezea na kitambi ambacho wallahi siku ile sikuwa nacho. Na msiniulize kwa nini nikienda kwa Bibi Tusekile huwa nakaa kwenye kile kiti kinachoupa mgongo ukuta wa sebule. Mtajua tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, serikali ikanileta hapa Mwaya, wilayani Kyela, kuwa afisa kilimo, na tangu nifike jina langu limekufa, naitwa Bwana Shamba mpaka msikitini. Nilipanga chumba cha uani kwa Babu Ambakisye na mkewe Bibi Tusekile, wazee wa kakao na mpunga, watu ambao ukiwa na homa unakuta uji mlangoni kabla hujamwambia mtu kwamba unaumwa. Bibi ndiye aliyenifundisha kununua mchele (ndiyo, afisa kilimo mzima nilipunjwa mchele hapa hapa Kyela, cheka tu), kwamba wajanja wanaweka mzuri juu ya gunia na chini wanajaza chenga. "Bwana Shamba, mchele hauangaliwi usoni," aliniambia, "zamisha mkono mpaka chini."

Sasa hawa wazee walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na katika miaka yote hiyo hawakuwa na picha hata moja wakiwa pamoja. Walipooana aliitwa mpiga picha kutoka Tukuyu, akawapiga siku nzima, kumbe mkanda haukuzunguka, hakikutoka kitu. Bibi alikuwa ameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na hospitali ukimtajia anabadilisha mazungumzo. Jioni moja akaniambia, "Wewe si una kamera? Nataka nijione na mzee wangu wakati bado naona." Nikamwambia Bibi, hilo niachie mimi. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Kamera nilikuwa nayo, nzuri kabisa, ila memori kadi yake ilikuwa imekufa. Nikaenda kwa Atupele, binti yao wa mwisho, ana duka la vifaa vya simu Kyela mjini. Akanitolea kadi mbili ndogo ndogo. "Kaka, chukua hizi, ni za ukweli, moja ikijaa unaweka nyingine. Na kadi yoyote ukinunua, ijaze kwanza mpaka mwisho, halafu fungua picha za mwishoni uone kama zimo, usifungue za mwanzoni tu." Mimi nikaguna, nikamwambia dada, mimi nimesoma, siendi kupiga jubilei kwa vikadi vya jibii thelathini na mbili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki hiyo hiyo kazi ikanipeleka Kasumulu, pale mpakani, nikakutana na jamaa ana sinia kifuani, chaja, nyembe, miwani, na katikati yake kadi imeandikwa kwa maandishi ya dhahabu jibii mia tano na kumi na mbili, tena bei yake chini ya vile viwili vya Atupele. Kuna mtu angeshtuka hapo. Mimi nikaona jamaa hajui anachouza, nikalipa haraka kabla hajazinduka.

Kesho yake asubuhi nikaijaribu. Niliisimamisha kamera juu ya kinu nilichokipindua uani, nikaiseti ijipige yenyewe, nikasimama mbele yake nikiwa na singlendi, taulo kiunoni, povu la dawa ya meno mdomoni, nikatunisha misuli. Nikageuka upande, nikatunisha tena. Nikapiga na nyingine nimeushika mswaki kama maikrofoni (siku hizo nilikuwa najipenda, acheni). Halafu nikajirekodi video ndefu nikielezea upogoaji wa kakao, na nyingine, na nyingine tena. Nikafungua zile picha za mwanzo, safi, zinang'aa, nikasema hii kadi ni chuma.

Siku ya jubilei ilikuwa siku kweli. Bibi alivaa gauni jeupe alilolishona kwa miezi, Babu ana suti inanuka nafthalini, kanisani wakaulizwa tena kama wanapendana, Babu akajibu, "Mchungaji, sasa hilo nalo unauliza?" Kanisa zima likacheka. Keki ikakatwa, mbalaga, zile ndizi zao za kupika, ikapakuliwa, ngoma ikapigwa kwenye matope maana mvua ya Kyela haisubiri sherehe ya mtu. Nami nikapiga! Nilipanda kwenye benchi, nililala chini na suruali ya kitambaa, kina mama wakasema leo tumepata fundi, wakarudisha simu zao kwenye mikoba. Kila nikibonyeza, picha inaonekana kidogo kwenye kioo, inapotea, nami naamini imekwenda kukaa mahali pake.

Jioni Atupele akaniomba, "Kaka, nipe hiyo kadi niichungulie kwenye kompyuta." Nikakataa katakata, nikamwambia ni sapraizi, Bibi awe wa kwanza kuona. Na kwa sababu ya macho yake nikapanga makubwa zaidi, Jumapili baada ya ibada, ukumbi wa kanisa, projekta, madirisha tuzibe kwa vitenge, picha ijae ukuta mzima. Watu wakajaa. Bibi akawekwa kiti cha mbele kabisa na gauni lake lile jeupe. Mimi na kofia yangu ya kiua nikasimama pembeni kama bwana harusi. "Atupele, fungua."

Akafungua. Ukuta mzima nikajaa mimi. Povu mdomoni, taulo, msuli mmoja mmoja ukubwa wa debe.

Ukumbi ulilipuka. Nikapiga kelele "ruka, ruka hiyo!", akaruka, nikatokea upande. "Ruka!" Nikatokea na mswaki naimba. Kwaya ya kina mama walikuwa wanashikana wasianguke, Mchungaji kainamisha kichwa kama anaomba lakini mabega yanatikisika. Nikasema moyoni haidhuru, sasa hivi wataona kazi. Zikapita video, ikaja ya kwanza ya jubilei, na ukuta ukawa wa kijivu. Atupele akabonyeza, kijivu. Akabonyeza tena na tena, kijivu. Kicheko kikakatika kidogo kidogo mpaka ikabaki sauti ya projekta peke yake.

Na Bibi Tusekile, amenyoosha shingo pale mbele, akauliza taratibu, "Mbona situoni? Ni macho yangu?"

Nimewahi kupata aibu maishani, lakini ile iliniuma mpaka kwenye mifupa. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia Bibi, si macho yako, ni mimi, picha hazimo. Atupele akawaeleza watu kwa huruma (huruma yenyewe ilizidi kuniua) kwamba kadi ile ilikuwa ya uongo, nafasi yake ya kweli ilikuwa ndogo sana, nikaimaliza yote kwa video zangu, na vilivyofuata vilibaki majina tu. Chenga chini ya gunia. Nilingoja kuzomewa.

Bibi akamgeukia mumewe. "Mara ya kwanza mkanda haukuzunguka, mara ya pili kadi imedanganya. Mungu hataki watu watuonee wivu." Babu akadakia, "Ya miaka mia tutamwita tena huyu huyu." Halafu Bibi akanishika kichwa, akasema, "Atupele, turudishie zile za Bwana Shamba, watu wasirudi nyumbani na kijivu."

Nikarudishwa ukutani. Watu wanacheka, mimi natafuta mlango, ndipo mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Ngojeni! Nyuma yake pale ni nani?"

Nyuma ya bega langu, kando ya jamvi la kakao, Babu Ambakisye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa mkewe umelala mapajani mwake, wembe mkononi, anamkata kucha. Bibi ameweka mkono juu ya kichwa cha mzee asiyumbe, mdomo wazi, anacheka. Nami nilikuwa nimewapa mgongo, nahangaika na misuli.

Babu akaruka, "Zima hiyo! Zima!" maana mzee wa kanisa hajazoea kuonwa na kijiji kizima ameshika mguu wa mke. Wapi, vigelegele vilishapaa, na mwanamke mmoja nyuma anamsukuma mumewe, "Umeona? Umeona wenzio?" Bibi akainuka, akatembea mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye picha.

"Hiki ni kichwa chako?"

"Ni changu," Babu akajibu chini chini.

"Kumbe umeota upara kiasi hiki na hukuniambia."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaja akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, Bwana Shamba. Asante sana. Nimetuona."

Atupele alipokwenda kuisafisha ile picha alitaka kunikata nibaki nje, wabaki wazazi wake peke yao, na mimi nikamuunga mkono kwa nguvu zangu zote. Bibi akakataa. "Msimkate. Asingejipenda hivi, sisi tungepatikana wapi?" Kwa hiyo imetiwa fremu kubwa, iko ukutani sebuleni, mimi mbele na povu langu. Mkuu wangu wa kazi alikuja kukagua kakao, akakaribishwa chai, akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha tena, akaomba sukari.

Tangu siku hiyo kadi nanunua kwa Atupele, naijaza mpaka mwisho na kufungua za chini kabisa kabla sijaiamini, na sipigi tena mswaki uani bila shati. Wazee nimeshawapiga picha nyingine nzuri, na gauni jeupe na suti. Bibi anashukuru, anazitia kabatini. Ya ukutani haitoki. Nami nawapa siri, wakitoka wote kwenda shamba huwa nageuza kile kiti. Sijitazami mimi. Natazama ule wembe, na mkono wa mzee ulivyotulia.