Mashine ya Kumwaga Mbolea Shambani kwa Mama

Kwetu Giakanja, kijiji cha Nyeri, msichana wa pili hupewa jina la nyanya yake, yule aliyemzaa mama. Kwa hivyo mama yangu huniita "mama", nami namwita "mama", na mgeni akitukuta tukigombana uani hawezi kujua nani alimzaa nani. Mwaka ule tuligombana sana, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mgongo.

Mgongo ulikuwa wake. Maisha yake yote amebeba mbolea kutoka zizi la ng'ombe hadi shambani kwa kiondo kikubwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso huku mzigo ukilala mgongoni. Shamba letu limeegemea kilima, zizi liko juu, na mtu huteremka na mzigo huo akijizuia kwa visigino. Daktari mmoja wa Nyeri mjini aliangalia picha ya mifupa yake, akavua miwani, akamwambia, "Mama, ukiendelea kubeba, siku moja utaletwa hapa ukiwa umebebwa wewe." Mama akamshukuru kwa heshima zote, akafunga kitambaa chake vizuri. Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu na dada yangu kwamba yuko shambani, amebeba.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilifunga karakana nikapanda Giakanja siku hiyo hiyo.

"Mama, daktari alisemaje?"

"Alisema nisibebe. Hakusema nani atabeba."

"Si tutafute kibarua?"

"Kibarua anaweka mbolea kama mtu anatupa takataka. Kwani wewe si uko na diploma ya mashine? Ama hiyo karatasi ni ya kupamba ukuta? Tengeneza kitu ya kubeba, na mimi nitaacha. Hiyo siku nitaacha, mama, haki ya Mungu."

Nilimwamini, kwa sababu mama haapi ovyo. Mvua ndefu zilikuwa zimebaki kama wiki sita. Nikamwambia kabla hazijaanza atakuwa na mashine.

Karakana yangu iko Majengo, mtaa wa Nyeri mjini. Nachomelea milango, madirisha na vitanda vya shule za bweni. Wateja huja na kuniuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao na grenda ya kukatia chuma mkononi. Kwa hivyo nikiri pia kwamba mashine hii haikuwa ya mama peke yake. Nilitaka Nyeri nzima ijue fundi yuko wapi.

Kosa langu lilianza kwenye simu. Nilitazama video za mashine za Wazungu za kumwaga mbolea. Trekta kubwa inavuta tangi, nyuma ya tangi kuna ngoma mbili zenye meno zinazunguka kwa kasi, na mbolea inaruka juu, inatandazika huku na huku, shamba limenyooka hadi macho yanachoka. Nilitazama nikashusha pumzi. Nikasema, hii ndiyo, nitaipunguza tu. Nikanunua paipu, bati nene na beringi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyuma mjini, ambaye huuliza kila mteja anatengeneza nini. Nilipomwambia, aliniongezea konzi ya bolti bila kunilipisha. Sijui hadi leo kama alikuwa ananipongeza au ananionea huruma.

Injini niliitoa kwenye pikipiki iliyogonga ng'ombe. Nikaweka tangi la bati, magurudumu mawili, mishikio mirefu ya kusukumia, na ngoma moja yenye meno kumi na mawili. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri kuliko mlango wowote niliowahi kutengeneza. Nikaipaka rangi ya kijani.

Sasa ikaja siku ya kuijaribu. Majengo nyumba zimebanana, vyumba vya kupanga mgongo kwa mgongo, na mtu akimwaga kinyesi cha ng'ombe pale atahamishwa kabla ya chakula cha mchana. Nikajaza maranda kutoka kwa maseremala. Nikawasha. Woi! Maranda yaliruka yakatanda hewani kama mvua ya manyunyu, yakatua sawasawa kabisa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye paa la kinyozi, na kwenye karai la mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi. Yule mama alinitukana akianzia na wazazi wangu. Lakini hata yeye, alipomaliza, alisema, "Lakini inarusha, eh?"

Inarusha. Nililala usingizi mzuri.

Jumamosi nikaipakia kwenye pikapu nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa amevaa rinda lake la kanisani na kupika chai ya maziwa matupu. Ng'ambo ya ua wa miti ya kayaba, upande wa chini wa shamba, alisimama jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye yeye na mama hawajaelewana juu ya huo ua tangu nikiwa darasa la nne. Husalimiana kanisani tu, "Bwana asifiwe," kisha kila mtu na njia yake. Siku hiyo alikuja na kiti.

Rundo la mbolea lilikuwa la mwaka mzima. Mama alikuwa ameligeuza kila mwezi na kulifunika na majani ya ndizi, na lilikuwa jeusi, laini, halina harufu. Shamba lilikuwa tayari, mashimo ya mahindi yamechimbwa kwa mistari inayokata kilima, mmoja chini ya mwingine. Nikajaza tangi viondo vitano, nikavuta kamba, injini ikanguruma, nikaanza kusukuma nikiufuata mstari kando ya kilima, kichwa juu, macho mbele.

Nilisikia tu nguvu ya ile ngoma. Nilipofika mwisho nikageuka nikaona mama anapunga mikono yote miwili. Nikampungia. Akapunga zaidi. Nikasema, leo amefurahi, nikageuza mashine na kurudi. Tangi lilipoisha, nikazima, na ndipo nikasikia alichokuwa akisema.

"Kwa mwalimu! Yote unapeleka kwa mwalimu!"

Ni kweli. Shamba limelala upande, mashine ikalala upande, na karibu mbolea yote niliyojaza ilikuwa imeruka juu ya kayaba ikatua, imetandazwa vizuri ajabu, kwenye shamba la jirani. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti, anajipangusa koti, anatabasamu.

"Asante sana, jirani," akasema. "Nilidhani mmeamua tupatane."

Mama alikuwa ameinama anaangalia kile kidogo kilichoanguka upande wetu. Kilikuwa kimetapakaa kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Mashimo yote yalikuwa matupu.

"Mama," akaniambia pole pole, na hapo nikajua nimekwisha, maana mama akikasirika kweli hapigi kelele. "Wewe umekulia hapa. Kila mwaka ukiwa mtoto ulikuwa unaweka mbolea na hii mikono. Unaweka wapi?"

"Kwa shimo."

"Kwa shimo. Kwani tuko na ng'ombe mia? Tuko na ng'ombe wawili. Mbolea ni kidogo, tunaipatia mahindi, shimo kwa shimo. Wewe umekuja na mashine kubwa hivi kulisha magugu!"

Nilijua jambo hilo tangu kabla sijajua kusoma, na lilinitoka kichwani kwa sababu ya video. Nilitamani ardhi ipasuke, na ingepasuka ningeingia na ile mashine yangu ya kijani.

Nilirudi Majengo nimekasirika, nikamkasirikia hata yule mzee wa bolti. Na mama, kwa kuwa mimi sikuwa nimeleta kitu cha kubeba, alibeba. Jumatatu alibeba. Jumanne alibeba. Jumatano asubuhi aliinama kuchukua mukwa na hakuweza kuinuka.

Nilimkuta amelala kitandani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kana kwamba ukuta ndio ungeanguka. Aliniona akajaribu kucheka. Mimi nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kelele, huku nikimgombeza kwa nini hakungoja, na yeye akinigombeza kwa nini nalia mbele ya wageni, na wageni wenyewe ni dada yangu tu. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Ningeweza kulitengeneza jambo lile mapema kama ningeuliza swali moja.

Daktari akasema alale wiki tatu, na akiweza kuinuka bila kushika kitu, apigiwe simu. Mvua ikachelewa. Wazee walikuwa wanaomba inyeshe. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba isubiri.

Niliufunga mukwa mwenyewe. Nilitaka kujua kazi yenyewe ni nini kabla sijakata chuma kingine. Kiondo cha kwanza kilinivuta shingo nyuma hadi nikaona mawingu. Mama alikuwa amelala karibu na dirisha, dada yangu amelifungua, na kutoka huko aliniendesha kama mwanafunzi.

"Usitembee kama unaenda harusini! Inama! Sasa mimina. Hiyo ni nyingi! Ati unataka kuzika mtu? Funika kidogo na mguu."

Mashimo kumi na moja, kiondo kikaisha. Nikapanda juu tena. Kufikia saa nne paji la uso liliniwaka moto na nilikuwa nimemaliza mistari miwili. Nilihesabu mistari iliyobaki nikakaa chini. Yeye hufanya hivi kila mwaka. Alifanya hivi mwaka niliokuwa nasoma diploma, na mimi likizo nilikuwa nakuja nyumbani kupumzika.

Nikachukua futi nikapima kila kitu: upana kati ya mistari, umbali wa shimo kwa shimo, mteremko wa kilima. Mwisho nikaenda chumbani na ndoo ya mbolea na gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi sokoni.

"Mama, chota kama unaweka kwa shimo."

"Nichote mbolea juu ya kitanda?"

"Chota."

Alichota kwa viganja viwili, akamimina mkebeni. Nikachora alama. Nikachota mimi, haikufika kwenye alama. Mikono yake ni mikubwa kuliko yangu, na mimi ndiye fundi wa vyuma.

Mashine ya pili haikuwa na injini. Ilikuwa na gurudumu moja mbele, jembamba, la kupita kati ya mistari, na sanduku refu lisiloyumba hata shamba likilala upande. Chini ya sanduku kuna kikombe nilichokigonga kwa nyundo kutoka kwenye sufuria kuukuu, ujazo wake viganja viwili vya mama, si zaidi. Ukifika shimoni unabana mshikio kama breki ya baiskeli, kikombe kinapinduka, mbolea inaanguka, kikombe kinarudi kujaa. Na sikuijaribu na maranda. Niliijaribu nyumbani, na mbolea yenyewe, na vizuri nilifanya hivyo, kwa sababu shimo la tatu tu ilikwama. Mabua ya majani ya nepia wanayoacha ng'ombe wakila yalikuwa yamejisokota kwenye mlango wa kikombe. Nikaikwamua, ikakwama. Nikaipiga teke, nikaumia kidole. Mama, ambaye sasa aliweza kukaa mlangoni na mto nyuma yake, alingoja nimalize kutukana.

"Weka kitu ya kukoroga," akasema. "Ata uji unakorogwa."

Nikaweka cheni ya baiskeli ndani ya sanduku, inayozungushwa na gurudumu. Haikukwama tena.

Wiki tatu zilikuwa zimepita daktari alipomruhusu kutembea shambani, kutembea tu. Nilimwambia atazame mimi nikisukuma. Alitazama mashimo mawili.

"Toka hapo," akasema.

Nikamsihi. Akashika mishikio. Alisukuma kwanza kwa mashaka, kama mtu anayeendesha ng'ombe wa mtu mwingine, akabana, kikombe kikapinduka. Aliinama kidogo kuangalia ndani ya shimo. Akaenda la pili, la tatu, akafunika na mguu, la nne. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mimi na dada yangu tulikuwa tukimjazia sanduku kule juu, mwalimu yuko kwenye ua wake ameshika kikombe cha chai, na hakuna aliyethubutu kumpongeza.

Kazi ya siku tatu iliisha saa nne na nusu asubuhi. Mama alifika shimo la mwisho, akabana, akasimama. Akageuka kuangalia zizini, akaangalia shamba, akaangalia mikono yake. Kisha akateremka hadi kwenye nyasi za ukingoni, akakaa chini, akanyoosha miguu mbele yake. Jua lilikuwa kali na shamba lilikuwa kimya. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwona mama amekaa shambani mchana, na sikukumbuka.

Nikaenda nikakaa kando yake. Akaniuliza, na hakuwa akitania:

"Sasa nikae hapa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke."

Akafikiria.

"Nichoke na kukaa?" akasema. "Hiyo sijui inakuanga aje."