Iwake Mpaka Maharagi Yaive

Kaka yangu Kitsa, ambaye sisi wadogo wake tulimwita Yaya, alikufa kwa presha mwezi wa nne, Jumanne, kabla ya misa ya asubuhi. Aliacha mjane wake Adèle, watoto wanne, na chumba kidogo kwenye ukuta wa parokia yetu, Mulekera, hapa Beni. Ndani ya chumba mna kompyuta ya zamani na printa inayopiga kelele kama cherehani.

Chumba alipewa na parokia. Hakukilipia; badala yake, kila Jumamosi alichapa karatasi ya misa: masomo, nyimbo, nia za misa, matangazo ya ndoa. Siku nyingine aliwaandikia watu barua za kuomba kazi na programu za mazishi, na hapo ndipo watoto wake walipopata chakula. Barua ya mtu asiyejua kusoma aliisoma kwa sauti kabla ya kuichapa. Mtu akisema, "Hapana, sikusema hivyo," Yaya alianza upya bila kununa.

Kipande cha kompyuta kikifa alisafiri hadi Butembo kutafuta kingine, na huko walimcheka sana. Wengine huenda na namba ya kipande kwenye karatasi. Yaya alibeba kompyuta nzima mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Hakununua carte mère, ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha vipande vyote, mpaka iwashwe juu ya meza ya muuzaji. Tena kuwaka hakukumtosha. Nje ya maduka yale kuna mama anayepika maharagi ya kuuza. Yaya alingoja sufuria iwekwe motoni, ndipo akaketi. "Iwake mpaka maharagi yaive," alisema. Wauzaji walikasirika, yeye akatoa rozari yake.

Wiki mbili baada ya kumzika, mashine ilikufa nayo. Tulimwita Asma, fundi wa simu na kompyuta, binti wa msafirishaji mmoja Mwislamu. Asma alifanya kazi na Yaya miaka mingi. Wakati wa kilio aliosha sahani zetu siku tatu. Alifungua mashine, akanusa.

"Maman Adèle, carte mère njo imekufa. Disque iko muzima, kazi zote za papa Kitsa ziko."

"Basi tununue carte ya kisasa," nilisema.

"Hapana, maman Florentine! Printa yenu iko na fiche pana ya zamani, hii ya kuchomeka waya, carte za leo hazina na mahali pake. Processeur haitaingia, mémoire haitaingia. Mutabadilisha vyote. Mutafute ya zamani kama hii, ata ya occasion, yenye ilishatumika mu bureau, mu ofisi ya watu."

Padri paroko alituambia kwa upole, lakini alituambia: chumba ni cha karatasi ya misa, na kuna mwingine anayekiomba. Atasubiri mpaka Pentekoste. Zilibaki wiki tatu.

Tulikwenda Butembo, mimi na Adèle, na hatukubeba mashine. Kosa letu lilikuwa hilo, na sababu yake ni Éliakim. Éliakim anauza vipande vya kompyuta. Kwa kilio cha Yaya alileta magunia mawili ya unga, akalia juu ya jeneza kutushinda sisi wenyewe. Kwetu, mtu aliyeleta chakula kwenye kilio chako, utamwambiaje afungue boksi tuangalie? Ni kama kumwambia unga wake ulikuwa na mchanga.

"Hii iko mupya, ya Dubai," alisema, akilipapasa boksi. "Musifungue mu njia, garantie itakufa. Fiche ya printa iko. Na kwa sababu yako, maman, napunguza. Kitsa alikuwa ndugu yangu."

Adèle alilia. Mimi nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo: nilimshika mkono yule mtu, nikamwahidi sala.

Asma alipoifunga, iliwaka. Adèle alipiga magoti. Baada ya dakika saba kioo kikawa cheusi. Asma aliiacha ipoe, akawasha tena: dakika saba, giza. Aliitoa, akapitisha kidole juu ya vile vipipa vidogo vinavyotunza umeme. Kidole kikatoka na rangi nyeusi.

"Ona vichwa vimevimba. Walipaka rangi juu. Hii ilichoka zamani, mupya ni boksi tu."

Nilitoka uani. Sikuwa na neno la Kikristo mdomoni. Mtu anamlilia maiti, halafu anamwibia mjane wake kwa jina la maiti yuleyule?

"Tuache, mulamu," wifi yangu Adèle alisema. "Tutasema nini? Alileta unga."

"Unga tuliula naye. Alikula sahani tatu, nilimwona."

Kesho yake nilifunga mashine kwa kitenge cha Yaya, nikaibeba mgongoni. Asma alikuja nasi. Duka la Éliakim lilijaa wateja. Niliweka mzigo juu ya meza yake.

"Eh, maman Florentine, unarudisha Kitsa?" mmoja alitania.

"Ndiyo, namurudisha. Papa Éliakim, washa."

"Unaniita mwizi mbele ya bakiriya?" aliuliza, akiwaonyesha wateja wake kwa mkono.

"Sijakuita kitu. Washa."

Aliwasha. Kioo kikang'aa, naye akawageukia watu. "Munaona? Inawaka! Hawa bamama hawajue kufunga."

"Inawaka," Asma alisema. "Sasa tungoje." Alimwita mama wa maharagi kule nje. "Mama, uliweka sufuria?"

"Naweka sasa hivi, binti yangu!"

Watu walicheka, maana walimkumbuka Yaya. Nilitoa rozari yake, nikaanza. Sikumaliza fungu la pili: kioo kilizimika. Asma alifungua mashine, akasugua vile vipipa kwa kitambaa cheupe, akakiinua wote wakione.

"Nilileta unga kwa kilio chenu," Éliakim alisema kwa sauti ndogo.

"Unga ulikuwa muzuri," Adèle alimjibu. Hakulia safari hii. "Carte yako njo mubaya. Lete ingine."

Alisema hana. Asma alinyoosha kidole kwenye rundo chini ya meza, ambako palikuwa na moja yenye vumbi, bila boksi, fiche pana ipo. "Ile ni takataka ya bureau moja," Éliakim alinung'unika. Vichwa vya vipipa vyake vilikuwa bapa, rangi ilikuwa ya kiwandani. Bei yake haikufika nusu ya ile nyingine, akaturudishia kilichozidi. Asma aliifunga. Tulisali rozari nzima, tukaanza nyingine. Maharagi yaliiva, tukayala hapohapo, mashine ikiwaka.

Karatasi ya Pentekoste ilichapwa Jumamosi, na chumba ni cha Adèle. Kwenye nia za misa aliweka jina la Yaya, kisha akaniuliza kama aweke na la Éliakim, maana tumefundishwa kuwaombea waliotukosea. Nilijaza kwanza karatasi kwenye printa. Nikamwambia aliweke, ila chini kabisa, baada ya matangazo ya ndoa.