Mtoto wa Mwezi wa Nane

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti mjini Minya hamgusi mtoto kabla ya kuipasha moto mikono yake, maana baridi kidogo tu humwua njiti. Huisugua, huiweka shavuni kuipima, ndipo huingiza vidole kwenye mashine ya joto. Siku tatu Raifa, ambaye mtoto wake yumo humo, amemtazama akifanya hivyo, na siku tatu hajamsikia akimwahidi mtu kitu. Akiulizwa kama mtoto atapona, hutaja uzito, joto na pumzi, basi. Huugeuza unyayo wa mtoto, akaisoma mikunjo yake, akaandika umri wa mimba kwa wiki.

Leo asubuhi amekuja kuchukua maziwa ya Raifa, akakuta kikombe kikavu.

"Nimemkataza mimi," mama mkwe wa Raifa akamwambia muuguzi. "Wa mwezi wa saba huishi, wa mwezi wa nane haishi. Ajichoshe bure? Hebu niambie, binti yangu, huyu wa saba au wa nane? Usinifiche."

Raifa alikuwa amehesabu mwenyewe, na faili lililokuwa mkononi mwa muuguzi lilikubaliana naye: wiki thelathini na nne, mwezi wa nane. Muuguzi akauinua ule mguu mdogo, akautazama unyayo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wa saba, hajja. Ila bila maziwa ya mama yake, hata wa tisa hafiki mbali."

Mama mkwe akamgeukia Raifa. "Sasa wewe unangoja nini? Kamua, mtoto ana njaa."