Kudra anazisaka simu alizozigeuza saa

Simu ya sita kwa asubuhi hii imelala juu ya kitambaa cha kijani, na haijatimu hata saa tatu. Kudra Salmini anaingia kwenye mipangilio, anashuka hadi palipoandikwa saa za eneo, anaiondoa Brasilia na kuirudisha Dar es Salaam. Kisha anakata mstari juu ya jina moja katika daftari lake na kumkabidhi mwenye simu mali yake bila kumtoza kitu.

"Mayu, kuanzia leo ukiona nane, ujue ni saa mbili," anamwambia mama muuza mchele aliyesimama mbele ya meza.

"Ee! Miaka yote ilikuwa inasema kweli, leo unaifundisha uongo?" mama anamaka. "Umelogwa, fundi?"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wanacheka. Kudra hacheki.

Ana umri wa miaka thelathini na minne, na ni fundi simu katika soko la Bugarama, wilayani Kahama. Siku njema humpa shilingi elfu ishirini na tano, siku mbaya elfu sita. Leo hajaingiza hata shilingi moja, na kabla ya saa nne anapaswa kuwa ndani ya gari la Kahama. Huko, saa nane mchana, kuna mtu anayeweza kupoteza kazi kwa sababu ya kitu kilichofanywa na mikono yake.

"Tangu juzi jambo hili halinitoki kichwani," anasema huku akifunga bisibisi zake ndani ya kitambaa. "Najiuliza, wakisema mimi ndiye mhalifu, nitawajibu nini? Maana ni mimi kweli."

Jambo lenyewe lilianza miaka minane iliyopita, tena kwa nia njema. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyeishia darasa la tatu, alikuja kulalamika kwamba simu yake inadanganya. Alikuwa ameona kumi na moja kwenye kioo, akajua ni saa kumi na moja jioni, akafunga genge lake na kwenda nyumbani wakati jua limesimama utosini. Hesabu ya kuongeza na kupunguza saa sita, ambayo wengine huifanya kichwani bila kujua kwamba wanaifanya, kwake ilikuwa mlima.

Kudra akatafuta katika orodha mji ulio nyuma yetu kwa saa sita kamili. Akaupata Brasilia. Tangu hapo, ilipotimu saa mbili asubuhi, kioo cha yule mama kilionyesha mbili. Habari ikaenea. Wachimbaji, mama lishe, wachunga ng'ombe na walinzi wakapanga foleni wakiomba wawekewe "saa ya kwetu". Kudra akaandika jina na namba ya kila mmoja, kwa kuwa baadhi ya simu hujirudisha zenyewe na wenyewe hurudi kulalamika. Daftari lina majina mia mbili na kumi na mawili.

Mmoja wao ni Makoye Jilala, mwenye miaka arobaini na mmoja, mlinzi wa yadi ya mitambo ya kuchoronga miamba. Kila alipoingia zamu alipaswa kupiga picha ya lango na kuituma kwa msimamizi aishiye nje ya nchi, kupitia programu ya ujumbe ambayo kampuni imewawekea walinzi wote. Kwa miaka mitatu hakukuwa na neno.

Mwezi uliopita programu hiyo ilibadilishwa. Sasa, chini ya jina la kila mtu, huonyesha mji na ni saa ngapi mahali alipo. Haimuulizi mtu yuko wapi. Huchukua saa za eneo zilizowekwa katika simu yake. Msimamizi akatazama orodha ya walinzi wake. Wengine wote walikuwa saa mbili na robo asubuhi. Makoye peke yake aliandikwa Brasilia, saa nane na robo ya usiku, na picha yake, iliyobeba saa hiyo hiyo, ilionyesha lango likiwaka jua.

Hitimisho lilikuwa moja tu: mtu huyu hayupo Tanzania, laini ameiuza au ameiazimisha, na picha ni za kughushi. Makoye akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

"Wenzangu waliniita Mbrazili," Makoye anasimulia. "Nikipita: 'Mbrazili, umerudi lini? Mpira huko ukoje?' Mke wangu naye akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mimi Kahama kwenyewe naenda kwa mwaka mara mbili!"

Alimpelekea Kudra simu akimwomba aikague. Kudra alipoona jina la mji ule kwenye kioo, alielewa papo hapo. Akamwambia aiache, atampigia.

Hakumpigia. Kwa siku mbili simu ilikaa ndani ya droo, naye akanyamaza. Hazifichi siku hizo, wala hazipambi kwa visingizio. Jirani yake, fundi Nasibu, alimshauri waziwazi.

"Dada, inyooshe saa, mrudishie simu, funga mdomo. Wataona imekaa sawa, yataisha. Nani atajua?"

"Na wakiendelea kusema alighushi?"

"Ndiyo utakuwa ugomvi wao. Wewe una kibanda cha kulinda."

Siku ya tatu alifunga kibanda hicho mapema akaenda nyumbani kwa Makoye, akayasema yote mbele ya mke na watoto. Simu alikuwa hajaigusa, iwe ushahidi.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anakumbuka. "Kisha akasema, 'Fundi, nimeapa mbele ya wanangu kwamba sijaenda popote. Kumbe nilikuwa nabishana na mkono wako.' Hakunitukana. Angenitukana ningepumua."

Ofisi ya kampuni iko pembezoni mwa mji wa Kahama. Gazeti hili liliruhusiwa kuketi nyuma ya chumba kwa sharti la kutoitaja kampuni. Makoye amevaa shati la kanisani. Kudra amekaa ukingoni mwa kiti, na vidole vyake havitulii juu ya pindo la mtandio. Mbele yao ni afisa utumishi, Herman, mtu mzima wa maneno machache, na juu ya meza kuna simu iliyofunguliwa spika, ambamo msimamizi anasikiliza kutoka mbali.

"Shikamoo," Kudra anaamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechezea simu?"

"Ndiyo mimi."

"Kwa faida gani?"

Kudra anaeleza. Herman anatafsiri, na sauti inajibu kwa ukali. Herman anakunja uso.

"Anasema hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka saa isiyo ya kwao. Anasema hii ni hadithi mliyoitunga njiani."

Makoye anatazama sakafu. Kudra anauliza swali ambalo hakulipanga.

"Samahani, baba. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Herman anatupia jicho saa yake ya mkononi. "Saa nane na robo."

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye mbili."

"Lakini umesema nane."

"Ndivyo tunavyosema..." Herman anaishia hapo.

Kudra anaisukuma simu ya Makoye mezani. Kioo kinasema nane na dakika kumi na tano.

"Wewe umeigeuza kichwani, baba, hata hukujua kwamba umeigeuza. Huyu Makoye alitolewa darasa la pili akachunge ng'ombe. Yeye nilimgeuzia kwenye simu. Kosa ni langu, si lake. Hajaenda popote."

Herman anaiangalia saa yake, anaiangalia simu, anarudi kwenye saa. Halafu anaanza kumweleza msimamizi, taratibu, na maelezo yanachukua dakika nyingi. Mara mbili anainua mkono wenye saa, kana kwamba aliye upande wa pili anamwona.

Uamuzi unatolewa saa tisa. Makoye anarudi kazini Jumamosi na barua ya tuhuma inafutwa. Siku kumi na mbili alizokaa nyumbani zitajadiliwa na wakubwa. Kudra anatia sahihi maelezo yake, na walinzi wote wa kampuni watatangaziwa wasipeleke simu zao kwake. Anaisoma karatasi mara mbili na anatia sahihi bila kuomba neno lolote lipunguzwe.

"Wabeja sana, fundi," Makoye anamwambia nje, akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Usinishukuru. Utanifanya nilie hapa barabarani."

Langoni, kijana wa zamu aitwaye Sikujua, ambaye kazi yake haimdai kutuma picha, anamsogelea na kumwonyesha simu yake. Kioo kinasema tisa na nusu, nayo ni saa tisa na nusu kweli, wakati Kudra hajawahi kumwona kijana huyu.

"Nani alikuwekea?"

"Fundi mmoja wa Geita, dada. Aliniambia ni mtindo wa Bugarama. Kule machimboni wanao wengi tu."

Kudra anasimama pale na daftari kifuani. Majina mia moja na thelathini na tisa ameshayakata mstari. Alidhani amebakiwa na sabini na matatu. Sasa hajui ni mangapi.

Jumatatu anakwenda Geita. Amepanga kuanza na mafundi, ndipo awafuate wachimbaji, mwalo kwa mwalo wanakooshea mchanga wa dhahabu, na safari hii hatawageuzia saa bali atawafundisha kuhesabu sita kwa vidole, hata ikimchukua mwezi.

"Kuna mtu huko sasa hivi anaitwa mwongo, wala hajui kwa nini," anasema akilitafuta gari la kurudi. "Naomba tu nifike kabla hajafukuzwa."