Unga Mweupe Juu ya Malenge ya Mowlem

Mzee Mativo Wathome alishtakiwa kwa kuwaharibia akina mama malenge yao. Kesi haikufika kwa chifu. Ilisikizwa papo hapo, watu wakiwa wamesimama na majembe mkononi, kwenye kijishamba kilicho nyuma ya kanisa pale Mowlem. Lakini Mativo alikuwa ameishi mtaa huo tangu mwanawe Mumo na wengine wakiwa wadogo, na hakuwahi kugombana na jirani hata miezi ile mifereji inapokauka na watu wanapigania mitungi. Maneno hayo yalimuuma.

Mativo ni mchongaji. Alizaliwa Wamunyu, huko Ukambani, na mjomba wake alimfundisha kushika tezo kabla hajajua kusoma vizuri. Alipokuja Nairobi alichonga twiga na vifaru vya watalii kwa miaka mingi, mpaka mikono yake ikawa inamjua twiga bila kusaidiwa na macho. Siku hizi anachonga miiko, bakuli na vigoda vya miguu mitatu, chini ya mabati aliyoyaegemeza kwenye ukuta wa kanisa kwa ruhusa ya mchungaji. Upande wa pili wa ukuta huo mfupi ndiko malenge yalikokuwa yakitambaa.

Shamba lilikuwa la kikundi cha akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa Aoko, mama aliyefanya kazi ya ukarani kwenye halmashauri ya jiji hadi akastaafu, na ambaye mtaa mzima unamwita Mama Austine, kwa jina la mwanawe. Kamene, mke wa Mativo, alikuwa mmoja wa wanakikundi. Hapo ndipo jambo lilipokuwa na uzito zaidi.

Asubuhi hiyo Mama Austine alichuma jani la malenge na kulinyanyua kwenye mwanga. Lilikuwa na mabaka meupe, kana kwamba mtu amelipaka poda ya mtoto.

"Mzee Mativo," alisema kwa upole, maana si mtu wa kelele, "hii ni vumbi yako ya msasa. Hakuna kitu kingine cheupe hapa."

Mativo aliitazama mikono yake. Wiki hizo alikuwa akisugua bakuli za mjakaranda, na vumbi la mti huo ni jeupejeupe na laini kama unga wa ngano. Lilikuwa kwenye nyusi zake hata wakati anashtakiwa.

"Nitafanya mpango," alisema.

Nyumbani Kamene alimpakulia chakula. Walipomaliza kula akasema, "Baba Mumo, mimi sisemi ni wewe. Lakini unajua vile naangaliwa pale shambani."

"Najua."

"Basi sugulia hizo bakuli mahali pengine."

Akazisugulia ndani ya nyumba. Alitundika magunia kwenye kibanda, na kazi yote ya msasa akaileta chumba cha kulala, dirisha wazi. Kamene alipiga chafya kutwa. Chai ikawa na ladha ya mti. Kwa mapenzi au kwa ukaidi, mama huyo hakulalamika hata mara moja, ila alihamisha nguo zao za kanisani kwa jirani.

Malenge yakazidi kuwa meupe.

Hapo Mativo akaanza kujiuliza. Alimwomba Mama Austine ruhusa ya kuingia shambani, akachukua kitambaa chenye maji na kuchagua jani moja. Kwanza alilinyunyizia vumbi lake mwenyewe upande mmoja, ambao ulikuwa bado mzima, kisha akapangusa. Vumbi likatoka lote, na chini yake jani lilikuwa la kijani lenye kung'aa. Akapangusa baka jeupe la upande mwingine. Nalo lilitoka, lakini pale lilipokuwa pamebaki umanjano, kama ngozi iliyofungwa bandeji siku nyingi. Alilifungia jani hilo uzi mwekundu ili alitambue.

Baada ya siku chache akarudi. Upande wa vumbi ulikuwa safi. Upande wa pili mabaka yalikuwa yamerudi, madogo na ya mviringo, kila moja likiwa limejitanua kutoka katikati. Aliinama akaligeuza jani. Chini pia kulikuwa na unga. Hata kwenye kikonyo ulikuwepo.

Akaenda kumwita Mama Austine, aliyekuwa akimwagilia mboga zake za managu.

"Mama Austine, nakuomba uangalie huku chini. Vumbi langu linaanguka. Mimi sijui vumbi la kupanda juu na kujibandika mgongoni mwa jani."

Mama Austine alivaa miwani yake akaangalia jani hilo, kisha la pili, kisha la tatu. "Ni kweli," alisema. "Sasa ni nini?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba kiko hai. Kinakua."

Mama Austine alimpigia simu Winny, afisa wa kilimo wa wadi, binti mwenye buti za mpira na begi la mgongoni. Winny alifika kesho yake, akatoa lenzi ndogo inayoshikwa karibu na jicho, akatazama kidogo tu.

"Hii ni kuvu," alisema. "Ugonjwa wenyewe unaitwa ubwiri unga. Mzee, umeona vizuri kwamba uko pande zote mbili. Njoo uangalie."

Mativo aliweka jicho. Alichokiona alikisimulia nyumbani jioni hiyo kama mtu aliyetoka safari: nyuzi nyeupe zilizosokotana kama pamba iliyochambuliwa, na juu yake vijipunje vilivyopangana kama shanga. Maisha yake yote alikuwa ametazama vitu kwa karibu, nyuzi za mti, vifundo, nyufa, na bado hakuwahi kujua kuna dunia nzima juu ya jani la mboga.

Akina mama walikuwa wamekusanyika. Mama Austine alisafisha koo. "Basi Mzee Mativo, tulikukosea. Utusamehe."

"Ngojeni kidogo," Winny alisema. Alikuwa akiyatazama mabati ya kibanda. "Haya yanayafunika malenge jua hadi saa ngapi?"

Wote wakageuka kutazama. Mabati yale yalikuwa yamepita ukuta kama hatua mbili, na malenge ya upande huo yalikuwa hayaoni jua mpaka adhuhuri. Winny akaeleza kwamba ubwiri unga hauhitaji mvua kama kuvu nyingine. Unapenda kivuli, hewa iliyotulia na majani yaliyobanana. Malenge yaliyokuwa mbali na kibanda, kwenye jua, yalikuwa na madoa machache tu.

"Kwa hivyo si vumbi la mzee," Mama Austine alisema polepole. "Ni kivuli cha mzee."

Kamene ndiye aliyeanza kucheka, akicheka huku ameshika kiuno, na Mativo mwenyewe akafuata. Siku hiyo hiyo alikata mabati kwa msumeno wa chuma mpaka yakaishia ukutani. Akina mama walichuma majani yote yaliyougua, wakayafukia mbali na shamba, wakapunguza matawi ili hewa ipite, na wakaacha kumwagilia maji juu ya majani kwa sababu Winny alisema tabia hiyo huleta magonjwa mengine. Majani mapya yalitoka safi. Kuna mashina mawili ambayo hayakupona, wakayang'oa.

Hadithi ingeishia hapo kama si ile lenzi. Winny alikuwa na nyingine ofisini, akamwachia Mativo hiyo. Tangu siku hiyo mzee akawa na kazi ya pili isiyo na mshahara. Aligundua kwamba kutu ya maharagwe huacha unga mwekundu kwenye kidole, kama umeshika msumari uliolala mvuani. Madoa fulani ya majani ya nyanya yana duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa, na huanzia majani ya chini, yale ya zamani. Hayo yalimfurahisha kuliko yote, kwa kuwa yalifanana na kitu alichokijua.

Si kwamba alipatia kila mara. Mwaka jana aliwaambia akina mama sukuma wiki yao ina kuvu, na wakang'oa majani nusu kitalu. Winny alipokuja alisema udongo ulikuwa umekosa chakula, ulihitaji mbolea tu. Mativo aliomba radhi kwa kila mmoja, na tangu hapo akawa anauliza kabla ya kusema.

Watu walianza kumtumia picha kwa simu kutoka Umoja, Dandora, hata Baba Dogo. Jibu lake la kwanza ni lile lile: "Nigeuzie jani nione mgongo."

Msimu wa mvua ndefu uliopita, Austine, mwana wa Mama Austine, alituma picha ya nyanya zake. Austine ni dereva na anaishi Lucky Summer, ambako amepanda kwenye uwanja wa landilodi wake. Aliandika, "Niaje mzee, hizi ziko na zile duara zako?" Mativo aliitazama picha, akaitazama tena, kisha akavaa koti.

Alipofika alikuta madoa makubwa meusi, yenye umajimaji, yasiyo na duara lolote. Aligeuza jani. Kulikuwa na ukungu mwepesi mweupe pembeni mwa doa, na shina lilikuwa limeanza kuwa kahawia.

"Hii ni baridi," alisema. Ndivyo wakulima wanavyouita ugonjwa ule wa kuozesha nyanya unaokuja na mvua na baridi. "Huu haungoji mtu. Mvua ikiendelea hivi, utamaliza zote."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpigie Winny kwanza, umtumie picha ya mgongo wa jani, akuambie mwenyewe. Mimi nilishawahi kukosea."

Winny aliangalia picha ya mgongo wa jani na kusema ni baridi yenyewe. Austine aling'oa mstari mzima ulioshikwa, akautia kwenye magunia huku uso umemwanguka, na zilizobaki akazipulizia dawa ya kuvu jinsi alivyoelekezwa. Mativo alimsaidia kufunga magunia.

Zilizobaki ziliiva. Mama Austine alipopelekewa ndoo ya kwanza aliwaalika Mativo na Kamene kwake Jumapili, baada ya ibada. Alipika managu kwa maziwa, samaki wa nyanya nyingi, na ugali mkubwa ambao Kamene alisema ungetosha kwaya nzima. Walikula taratibu, mlango wazi, watoto wa jirani wakiruka kamba nje.

"Baba Mumo siku hizi hatembei," Kamene alisema akiongeza mchuzi. "Tunatoka nyumbani mapema, tunafika kanisani wimbo wa pili, kwa sababu anasimama kwa kila bustani ya mtu."

"Leo nilisimama mara moja tu," Mativo alisema.

"Mara moja, lakini pale kwa jirani Shiundu ulipiga magoti na suruali ya kanisani."

"Kunde zake ni nzima kabisa," Mativo alimwambia Mama Austine, kama anayetoa habari ya mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. "Nilitaka tu kuhakikisha."

Mama Austine akamsogezea bakuli la samaki.