Kikombe cha Dada Ruthi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mgeni wa mama mpaka nimelia.

Miaka ya tisini, timu ya kanisa ilitoka ng'ambo ikaja hapa Makanyagio, wiki mbili za kufundisha watoto nyimbo.
Mmoja wao, Dada Ruthi, alilala kwetu. Tulimsindikiza mpaka stesheni, akamwambia mama, "Nitarudi."

Mama akaweka kabatini kikombe cha bati alichokuwa akinywea Ruthi.
Ole wako ukikigusa. "Cha mgeni hicho."
Tulimcheka miaka yote, nyie.

Mwezi uliopita tumemzika mama. Mimi, mjanja, nikakitoa nje kuku wanywee maji.

Leo saa nne, hodi. Bibi wa Kizungu, mvi tupu. "Mama yupo? Ni mimi, Ruthi."

Nikamwambia. Macho yake yakaenda uani. Akakiona.

Akainuka, akamwaga maji ya kuku, akakisugua kwa majivu kama mama alivyomfundisha.
"Nitilie chai, mwanangu. Nimechelewa."

Wakati wa kuondoka kasema tena, "Nitarudi."
Anatembelea fimbo.

Nimekirudisha kabatini.
Wanangu wananicheka.