Koti la Mayala Mwaloni

Asubuhi moja ya Machi 1994, Mayala, fundi wa injini za boti, aliacha koti lake la mvua msumarini nyumbani Ilemela. Mbingu ilikuwa safi, na safari ya Ukerewe alikwisha kuizoea. Alasiri dhoruba iliizamisha boti. Koti likabaki.

Mjane wake, Teodora au Mama Winnie, ni msomaji wa vipimo katika kituo cha hali ya hewa. Siku ile vipimo vya setilaiti vilikuwa mezani kwake, kwa ajili ya marubani. Hakuna aliyevipeleka mwaloni, kwa wenye boti.

"Jibu lilikuwa mkononi mwangu," anasema, "nikalifungia kwenye faili."

Tangu hapo, kwa ruhusa ya mkuu wake, kila asubuhi huteremka mwaloni Kirumba zinakoondokea boti. Akiona hatari, hutundika lile koti la njano kwenye nguzo.

Februari mwaka huu, 1997, alilitundika na halikudondoka hata tone la mvua. Mzee Shimba, mwenye boti tatu, alipoteza safari. Wiki nzima akawa anamuuliza mbele za watu kama koti limekauka.

Jumanne iliyopita likapanda tena. Jua kali, ziwa limetulia kama sahani.

"Shikamoo, mzee," Teodora akamsalimia Shimba.

"Marahaba, Mama Winnie. Leo wingu lenyewe liko wapi?"

"Sitafuti wingu, mzee. Setilaiti imepima hewa. Chini kuna joto na unyevu, juu baridi kali. Hewa ya namna hiyo haikai. Maziwa motoni hutulia kabla ya kufoka."

Shimba akacheka, akaamuru injini iwashwe. Teodora alijua kwamba akikosea mara ya pili, koti litakuwa tambara tu. Hakuondoka.

Ndipo Sabina, muuza mitumba wa Igoma, aliposhusha robota lake kutoka botini, akisema nguo hazichachi, zitangoja. Mmoja mmoja, abiria arobaini wakamfuata. Shimba akabaki na nahodha wake na injini inayonguruma bure, hadi akaizima.

Saa nane na nusu mchana upepo uling'oa mabati ya ghala. Ziwa likawa jeusi. Boti ile tupu ilikata kamba, ikapasukia mwambani. Abiria wake walikuwa bandani kwa mama lishe, wanakunywa chai.

Shimba akamwendea Teodora chini ya nguzo.

"Mama Winnie," akasema, "kesho unafika saa ngapi?"

Teodora sasa anaomba Sengerema nako isimikwe nguzo. Koti limeshonwa kwapani mara mbili. Kirumba, hakuna boti inayoondoka kabla hajafika.